Waya ya Elfu Sita

Wacha niseme mapema, ndiyo mkitaka kucheka mcheke mara moja: nilinunua waya ya umeme ya amplifaya kwa elfu sita. Si amplifaya. Waya. Mita mbili, nene kama kidole gumba, imevishwa kitambaa kilichosukwa kama ngozi ya nyoka, plagi inang'aa rangi ya dhahabu.

Na pesa yenyewe haikuwa yangu vile. Mama anauza omena upande wa Dunga, na mwezi huo nilikuwa nimeahidi kumwongezea stoki. Nililipwa kazi ya kupiga video ya harusi, halafu nikampigia simu nikamwambia, "Mama, hao watu bado hawajanitumia." Akasema ni sawa, nyathina, zitakuja. Hakuuliza swali la pili. Afadhali angenigombeza.

Shida ilianza na mngurumo. Amplifaya yangu ni mtumba ya kutoka Uingereza, na ilikuwa inatoa mmmm ya chini, mfululizo, hata kama hakuna wimbo. Nikiweka benga ya D.O. Misiani, ile besi inayokimbizana na gitaa inamezwa huko chini. Na mtu akikucheka kwa kusikiza Misiani ukiwa Kisumu, mwulize anaishi wapi. Basi jamaa wa duka moja (simtaji) akaniambia shida ni "umeme mchafu" na dawa ni waya safi. Manze, huyo mtu anajua kuongea! Ati sauti itafunguka, ati nitasikia mpaka mwimbaji akivuta pumzi.

Usiku wa kwanza naapa nilisikia tofauti. Gitaa ziko karibu, besi imeshiba. Nikarekodi hadi video ya kuwaambia mkanunue. Bahati sikuiposti, kwa sababu kesho yake binamu yangu, anayesomea mambo ya umeme, aliiona akacheka, akasema, "Toka nje kwanza."

Akafunika nyuma ya amplifaya na leso. Mimi koridoni, mlango umefungwa. Anabadilisha waya, ama anajifanya anabadilisha, ananiita, naketi palepale, wimbo uleule, sauti haijaguswa. Nakisia ni waya gani. Tulifanya mara kumi. Nilipata tano.

"Hata ukirusha shilingi utapata hivyo," akasema. Nilitaka kumpiga.

Halafu akanifanyia hesabu. Umeme wetu ni volti 240. Amplifaya ikila wati 100, inavuta chini ya nusu ampea. Kwa mita mbili za waya ya kawaida ya shaba, kile unachopoteza njiani hakifiki hata sehemu ya kumi ya volti moja. Na huo umeme umetoka mbali, labda Sondu Miriu, labda Olkaria huko Naivasha, umesafiri kwa nyaya za alumini juu ya milingoti, umepita transfoma, umeingia ukutani kwa nyaya zozote landilodi aliona ni za bei nafuu. Sasa mita mbili za mwisho ndizo zitausafisha? Ni kama uvute maji ya Ghuba ya Winam na magugumaji yake yote kwa bomba refu, halafu mwishoni ufunge mfereji wa dhahabu. Isitoshe, ndani ya amplifaya kuna dayodi na kapasita ambazo kazi yao ni hiyo, kunyoosha umeme kabla haujafika kwa muziki.

Na ule mngurumo? Ulikuwa bado uko. Nilikuwa nimeshalipa elfu sita, basi masikio yakaacha kuusikia.

Jumapili nikabeba kila kitu hadi kwa fundi mmoja wa Kibuye, mzee fulani wa maneno machache. Amplifaya hakuigusa. Alishika ekstensheni, akaigeuza, akaninusisha. "Omera, hii unalala nayo?"

Akaikata. Plagi ina pini tatu lakini ndani kuna nyaya mbili tu, hakuna arthi. Akaikwaruza waya na kisu: juu rangi ya shaba, chini nyeupe. Alumini iliyopakwa shaba. Mahali pa fyuzi mtu alikuwa ameweka kipande cha waya. Tundu moja plastiki imegeuka kahawia, na hapo ndipo nilikuwa nachomeka pasi na koili ya kuchemsha maji. Godoro langu la sponji liko karibu mita moja kutoka hapo. Waya ya elfu sita nayo nilikuwa nimeichomeka kwa takataka hiyo.

Akanitengenezea nyingine. Shaba kamili ya milimita mraba 1.5, arthi imefungwa, fyuzi ya kweli. Mia tisa. Mngurumo ukaisha, kwa sasa mpaka uweke sikio kwa spika. Kwa hivyo sisemi waya hazina maana. Ikiwa nyembamba, inapata moto, plagi inacheza kwa soketi, badilisha leo. Na kama balbu zinafifia saa moja jioni mtaa mzima ukipika, hiyo hakuna waya itakusaidia.

Mama alikuja wiki iliyofuata na gorogoro ya omena. Nilimwambia yote nikiangalia chini. Akaitazama waya, akaipima kwa mkono kama anapima kamba ya boti.

"Na sasa inaimba vizuri zaidi?"

"Hapana, Mama. Ni vilevile."

Akanyamaza, halafu akauliza sufuria iko wapi.

Waya nimemwuzia rafiki yangu wa saiba, elfu moja mia tano. Ameiweka kwa printa. Jana nilipita nikamwuliza kama karatasi zinatoka na besi. Pesa hiyo ilienda Dunga siku hiyohiyo, na kila wiki natuma kidogo. Imebaki elfu mbili.