Tanzia ya Mtumba wa Msafara

Ndugu zetu wa Tabora, wa Kwihara, wa Ugogo na wa Bagamoyo, marehemu mtumba wa msafara alituaga mwaka 1912, reli ya kati ilipofika Tabora, na hatutarajii tena kumwona njiani.

Alizaliwa pwani, kwenye nyua za wafanyabiashara wa Bagamoyo, ambako nguo za merikani na kaniki zilikunjwa, zikashindiliwa mpaka zikawa gogo refu, zikakazwa kwa kamba za usumba. Uzito wake ulikuwa kama kilo 32, kwani mpagazi wa Kinyamwezi alijua kiasi chake na hakubebeshwa ovyo. Ubavuni alifungwa vijiti vyenye panda ili apumzike wima kwenye shina la mti, na mbebaji wake asihitaji kuinama hadi chini kumwinua.

Toka hapo alikwenda begani, nyuma ya kirangozi, kiongozi wa msafara, akipita Ugogo ambako ushuru wa hongo ulidaiwa, na pori la Mgunda Mkali lenye uhaba wa maji, mpaka Unyanyembe, eneo la Tabora. Mwaka 1857 safari hiyo ilimchukua mpelelezi Mwingereza Burton siku 134. Mwaka 1871 mwandishi wa habari Stanley aliimaliza kwa siku 84. Burton aliwaandika wapagazi kwa ukali, lakini alikiri kwamba hata aliyetoroka, kwa kawaida, aliutua mzigo chini kwanza. Hii ndiyo sifa ya marehemu ninayoitaka isisahaulike: hakuwa na kufuli, wala chuma, wala askari wa kumtosha, na bado mali ya watu wasiojuana ilivuka nchi ndani ya kamba zile.

Utumishi wake mkubwa kuliko wote ulikuwa mwaka 1873. Chuma, Susi na wenzao walikuwa wakiuchukua mwili wa bwana wao, mpelelezi Livingstone, kuelekea pwani, na huko Kasekera, mbele kidogo ya Tabora, wenyeji wakakataa maiti kupita. Wakafunga mabua kwa umbo la maiti, wakawatuma wenzao warudi nayo Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika. Mwili wenyewe wakaufunga upya kama mtumba wa kawaida wa nguo. Hakuna aliyeuulizia. Mwezi Februari 1874 ulifika Bagamoyo, na kutoka huko ukaenda kuzikwa London.

Vita vya 1914 viliirudisha mizigo vichwani mwa watu wetu, maelfu kwa maelfu, lakini kwa kushurutishwa, na wengi hawakurudi. Mizigo hiyo haikuwa marehemu wetu. Yeye alibebwa kwa ujira, na vijana wa Unyamwezi waliiona safari ya pwani kuwa heshima ya utu uzima.

Ameacha tembe la Kwihara, karibu na Tabora, na miembe ya njia kuu ya misafara. Kazi yake imerithiwa na makontena yanayopita stesheni ya Tabora kuelekea Kigoma, yakiwa na namba na lakiri.