Ng'ombe anayetafuna mfupa

Nilikuwa kimya kwa sababu nilikwenda Ziba, kule Igunga, kumsalimia bibi. Nimerudi na jambo linaloniuma.

Asubuhi ya pili nilimkuta Kabula, ng'ombe wa maziwa wa bibi, amesimama nyuma ya zizi anatafuna mfupa. Nikacheka, nikatoa simu nikampiga picha. Bibi hakucheka.

"Mume wangu, watu wanasema karogwa. Maziwa yamepungua, mimba hashiki. Jumamosi mchinjaji anakuja kumchukua."

Jamani, maziwa ya Kabula na mama yake ndiyo yaliyoninunulia madaftari!

Nikampigia bwana mifugo. Akauliza swali moja tu: mbali na majani makavu na mabua, anapewa nini? Nikajibu: chumvi ya dukani.

Hapo ndipo nilipopata shule. Kila lita ya maziwa hutoka na karibu gramu 1 ya fosforasi, na majani ya kiangazi yana fosforasi kidogo mno. Chumvi ya kupikia ni nzuri, lakini fosforasi haimo. Basi ng'ombe anaifuata kwenye mifupa. Na hapo pana hatari: mifupa ya mizoga huweza kuwa na sumu ya botulizimu, inayolegeza misuli mpaka mnyama anakufa.

Si fosforasi peke yake. Vitamini A hutokana na majani mabichi. Ng'ombe huiweka akiba kwenye ini, na kiangazi kikirefuka akiba inakwisha. Kobalti nayo inatakiwa kidogo sana, lakini bila hiyo vijidudu vya tumboni mwake haviwezi kutengeneza vitamini B12. Huko Nakuru, Kenya, enzi za ukoloni, mifugo ilikonda huku malisho yapo, kumbe udongo ulikosa kobalti.

Yaani ng'ombe anaweza kushiba na bado akawa na njaa.

Ijumaa nikapanda basi kwenda Igunga mjini, nikanunua madini ya mifugo ya unga. Bibi akayaonja kwa ncha ya ulimi, akasema wazee wa Unyamwezi walifuata chumvi kwa miguu mpaka Uvinza, sembuse mimi na basi. Jumamosi mchinjaji alirudi mikono mitupu.

Kama Kabula atashika mimba, tutaona. Ile picha nimeifuta. Mwandishi mzima, nina digrii, naona mnyama anaomba msaada, nami nacheka!

Je, huko kwenu ng'ombe wanalamba nini?