Mizani Katikati ya Darasa

Kila mwaka sisi huwasimulia wanachuo wetu habari za mradi wa kisomo wa Mwanza, ulioendeshwa kwa msaada wa UNESCO tangu 1968 hadi 1972, ambamo wakulima walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyohusu pamba yao. Twakiri kwamba tulikuwa tukiyasema tu.

Mwaka huu tuliwapeleka wanachuo kufundisha kisomo katika ukumbi wa mtaa mmoja hapa Singida, ambako kikundi cha akina mama hukamua alizeti. Tulianza na ba, be, bi. Siku ya tatu walibaki wanne. Tulikwisha kuandika kwamba hamu yao ni ndogo (aibu ni yetu), mama mmoja aliposimama akauliza: "Mwalimu, hiyo be itanifaa nini mbele ya mizani? Mnunuzi husoma yeye. Mimi hupokea tu."

Ubao ukafutwa. Mizani ikaletwa katikati ya darasa, tukapima magunia, kisha mashudu, kila mmoja akisoma kilo na kuziandika. Neno la kwanza likawa a-li-ze-ti.

Sasa huhudhuria kumi na tisa. Juma lililopita mmoja wao alileta daftari la mauzo aliloandikiwa na mnunuzi msimu uliopita, akitaka tulisome pamoja. Kurasa mbili za mwanzo hesabu hazilingani. Tutaendelea nalo Ijumaa.