Kitunze Kikutunze

Wahenga walinena, kitunze kikutunze. Baba yangu, mwalimu mstaafu, alinunua televisheni ya plazma mwaka 2008 kwa kiinua mgongo chake. Muuzaji alisifia ukubwa. Baba akauliza uzito, joto na umeme inaoutumia. Akashawishiwa kuchukua kwa bei nafuu ile iliyokuwa ikiwashwa dukani mchana kutwa. Akaomba picha nyeupe tupu, akaona kivuli cha nembo kimeganda kiooni, akaikataa.

Ndani ya kioo hicho, ndugu msomaji, mna vijichumba vya gesi za neoni na zenoni. Umeme ukizipitia, hutoa miale isiyoonekana, nayo huziangaza rangi zilizopakwa humo. Rangi hizo huchakaa. Picha isiyosogea huacha kovu. Ndiyo maana baba hupunguza mwangaza, hubadilisha vituo na huacha nafasi nyuma yake ipate hewa.

Samsung na LG zilitangaza kuacha kuziunda mwaka 2014, vipuri vimeadimika. Ndugu zangu wanataka iuzwe kama chuma chakavu. Mimi napinga: kilichonunuliwa kwa jasho la chaki hakitupwi kingali kinaangaza.