Kumi na Tano Haikutosha

Mjomba alinituma mimi kwa sababu moja tu: katika ukoo wetu wote pale Ngara, mimi ndiye niliyefika kidato cha nne. Ilikuwa mwaka 2019, tuko stendi ya Biharamulo, matairi ya mbele ya Noah yake yamekuwa vipara. "Nenda kwa wauza mitumba, mpwa wangu. Wewe unajua kusoma, hawatakudanganya." Nami, bwana, nikaenda kifua mbele kama profesa!

Rimu zake ni za 15, hilo nililijua. Nikaomba kumi na tano, nikapewa mawili yenye meno makali, bei ya kutupa. Yakaingia kwenye rimu bila tabu. Tukafunga, tukapakia abiria, haooo Ngara.

Tulipopita Lusahunga mjomba akaanza kukunja uso. Gari lilikuwa linanguruma chini kwa chini, na Noah ile ni ya kuvuta miguu yote minne. Kufika mlima wa K9, harufu ya mafuta yaliyoungua ikajaa ndani. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akagonga bati: "Nishusheni, nitatembea!" Mjomba hakufoka. Aliniuliza tu, taratibu, "Mpwa, kwani ulisoma nini?"

Tukajikokota hadi Benaco. Pale palikuwa na kijana wa kuziba pancha, mdogo kwangu, darasa la saba hakumaliza. Akachuchumaa, akapangusa vumbi kwa dole gumba, akasoma. Nyuma: 195/65 R15 91. Mbele: 195/50 R15 82.

"Kaka, hiyo 195 ni upana kwa milimita. 15 ni inchi za rimu. Hii ya katikati je?"

Nilinyamaza.

Kumbe ni kimo cha ubavu, asilimia ya ule upana. Ubavu wa nyuma ulikuwa karibu milimita 127, wa mbele haufiki 98. Tairi zima la nyuma lina kimo cha milimita 634, la mbele 576. Kwa hiyo nyuma likizunguka mara kumi, mbele limezunguka mara kumi na moja, na gia za katikati ndizo zinazoumia kwa tofauti hiyo, njia nzima. Tungebadili yote manne, dashibodi ingesema 80 huku tunakwenda 73 hivi.

Lakini kilichoninyima usingizi ni ile namba ya mwisho. 91 maana yake tairi hubeba kilo 615. 82 ni kilo 475. Nami nilikuwa nimempakia yule mama na mwanawe juu yake.

Usiku nilifungua mswada wangu wa riwaya. Sura ya tatu, shujaa anafunga Land Rover matairi ya teksi na kuwatoroka polisi mlimani. Salaale! Nikaifuta yote.

Mjomba hajanituma tena. Huenda mwenyewe, na kikaratasi mfukoni alichoandikiwa na yule kijana: 195/65 R15 91.