Tarehe Kumi na Mbili

Mwaka 2025, tarehe 11 Januari, siku aliyoshika madaraka Sultani Haitham mwaka 2020, iliangukia Jumamosi. Jumamosi hapa Oman watu wako mapumzikoni tayari, kwa hiyo sikukuu ikapewa Jumapili, tarehe 12. Kwa wengi wa Maskati hilo lilikuwa jambo la kupanga safari ya Nizwa tu. Kwa sisi tuliozaliwa na watu waliotoka Unguja na Pemba, ilikuwa siku ya kutazamana. Tarehe 12 Januari 1964 ndiyo siku ya Mapinduzi ya Zanzibar. Kule Pemba, uwanjani Gombani, miaka 61 ilisherehekewa kwa gwaride. Hapa afisi zilifungwa kwa furaha nyingine kabisa. Na Jamshid bin Abdullah, sultani wa mwisho wa Zanzibar, aliyeondoka Unguja siku ile ya Mapinduzi na kuishi Uingereza zaidi ya nusu karne kabla ya kuruhusiwa kuja Oman, alikuwa amefariki tarehe 30 Disemba. Hata arubaini yake ilikuwa haijatimia.

Kwa miaka mingi niliamini kuwa tarehe ina mwenyewe. Nyumbani kwetu siku hiyo watu walizungumza kwa sauti ya chini, nami nikakua nikidhani kila mtu duniani huipitisha hivyo. Kisha rafiki mmoja, ambaye babu yake alipata eka tatu serikali mpya ilipogawa mashamba, akaniambia kuwa kwao siku hiyo hupikwa pilau. Hakunikusudia ubaya. Nilijua eka zile zilikuwa za mtu, pengine za mtu wa ukoo wangu. Lakini nilijua pia, ingawa ilinichukua muda kukubali kuwa nalijua, kuwa babu yule aliishi miaka yake yote kabla ya hapo chini ya mikarafuu ya mwenye shamba, akilima muhogo kwa ruhusa, bila ya haki hata ya mti mmoja. Niliyajua yote mawili kwa pamoja, na sikujua pa kuyaweka. Sijui hata leo.

Kuna fundi wa kanzu ninayemwendea Ruwi, hapa Maskati, mtu wa Chittagong, Bangladesh, anayegawana chumba na mwenzake wa Kerala. Tarehe 15 Agosti, mwenzake hubandika kibendera kwenye cherehani yake: India ilipata uhuru siku hiyo mwaka 1947. Siku hiyohiyo, mwaka 1975, Sheikh Mujibur Rahman, mwasisi wa Bangladesh, aliuawa Dhaka pamoja na jamaa zake wengi. Nilimuuliza fundi wangu huipitishaje. Akasema humpa mwenzake mkono wa pongezi asubuhi, kisha hushona. Alinijibu huku akipima bega langu, kama mtu aliyeulizwa bei ya kitambaa. Mwaka 2024 serikali ya mpito ya nchi yake iliiondoa siku ile katika sikukuu za taifa. Nasi hapa, mwaka 2025, Siku ya Taifa imehama kutoka 18 Novemba, siku aliyozaliwa Sultani Qaboos, hadi 20 Novemba, kuikumbuka dola ya Albusaidi iliyoasisiwa na Imamu Ahmad bin Said mwaka 1744. Serikali huweza kuihamisha siku. Kilichomo ndani ya mtu sina hakika kama huhama nayo.

Jumapili ile ya Januari tulikuwa na mgeni, kijana wa Chake Chake aliyekuja kwa biashara. Alikuwa anatazama gwaride kwenye simu, na shangazi yangu alipoingia akashtuka, akamwamkia shikamoo na kupunguza sauti. Shangazi ni mzaliwa wa Pemba. Kaka yake hakuonekana tena baada ya Januari ile.

“Iache mwanangu, ongeza sauti,” akasema, akavuta kiti. “Ukitoka Chake kwenda Vitongoji, ule mwembe wa njiani bado upo?”

“Umekatwa bibi, walipotengeneza barabara.”

“Na wachumaji siku hizi wanalipwa shilingi ngapi kwa pishi?”

Wakaendelea hivyo, pishi, majamvi ya kuanikia, mvua za vuli, na beni ya gwaride inapiga katikati yao. Mimi nilikaa nimejiandaa kuzima ugomvi ambao haukuja. Neno msamaha likanijia, nikaona nimelileta mimi. Yeye hakulitaja, wala kijana hakuomba kitu, na aombe nini mtu aliyezaliwa miaka thelathini baadaye? Alipokwisha kuondoka, shangazi akasema, bila kuulizwa, kuwa kaka yake angekuwa na miaka tisini sasa. Hakuongeza neno, akaenda kusali magharibi.

Nimeyarudia mara nyingi maswali yake. Siku nyingine nadhani alikuwa akimstarehesha mgeni, kwa vile mgeni hana kosa. Siku nyingine nadhani alikuwa akipita njia ile hatua kwa hatua kwa sababu ndiko alikomwacha kaka yake, na kijana yule ndiye pekee chumbani aliyeweza kumpitisha. Huenda ni yote mawili, huenda nimekosea kote. Kijana atarudi Maskati baada ya msimu wa karafuu, na shangazi amemwagiza picha ya pale uliposimama mwembe.