Sikukuu ya Watoto Tibirinzi

Idi ilitukuta Pemba pamoja na wapwa zetu watatu. Siku ya pili ya sikukuu, baada ya Alasiri, tulifuatana nao viwanja vya Tibirinzi, Chake Chake, fedha walizopewa na jamaa zikiwa mikononi mwao wenyewe.

Wachuuzi walikuwa wametandaza magari, vipenga, wanasesere, na bastola za plastiki kwa wingi wa kuchukiza. Mdogo wao akaishika bastola. Tulitamani kumkataza, lakini fedha ni zake. Tukamwuliza tu: "Utamlenga nani, baba?" Akafikiri, akaiweka, akachagua kipenga ambacho masikio yetu yangali yanakikumbuka. Wa pili alikwisha kuzimaliza zake kwa aiskrimu.

Dada yao alinunua farasi wa kitambaa. Tukamsimulia Hadithi aliyoipokea Abu Daud: Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na farasi wa kuchezea mwenye mbawa za vitambaa. Mtume (s.a.w.) alipostaajabu, alimjibu kwamba farasi wa Nabii Sulaiman walikuwa na mbawa; Mtume akacheka hata magego yakaonekana.

Usiku ule msichana aliomba sindano, uzi na kipande cha kanga kuukuu.